Nataka tukubali nusu, aliyenilea kisiasa ananiita msaliti

Shikamoo Shangazi,

Najua barua nyingi zinazokufikia ni za mapenzi na mawifi, na hii yangu haina mume wala mchumba ndani yake. Lakini usingizi nimekosa vilevile, kwa hiyo nivumilie.

Mimi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi mahali ninapofanya kazi. Nina mkataba wa kudumu. Wenzetu 180 ni vibarua: siku wakihitajika wanaingia, siku wasipohitajika wanarudishwa getini, na wapo walioishi hivyo mpaka watoto wao wakamaliza shule. Kati yao 110 wameandikishwa na kampuni moja kwa moja, na 70 wameletwa na wakala. Kazi ni ileile na mashine ni zilezile, ila ujira wa hawa wa wakala unapita mkono mwingine kabla ya kuwafikia, na mkono huo haupiti bure.

Tawi letu lina dai moja lililokuwepo hata kabla sijajiunga: ajira ya kudumu kwa wote, siku moja, bila kubagua. Limechapishwa hadi kwenye fulana zetu. Mimi mwenyewe nimeliimba mpaka sauti ikakauka.

Sasa, baada ya mgomo baridi na barua zisizo na idadi, mwajiri ameleta pendekezo. Wale 110 wapewe mikataba ya kudumu mara moja. Wale 70 wa wakala, nanukuu, "hali yao itaangaliwa baadaye kulingana na uwezo wa kampuni". Na chama kisaini kwamba madai yote ya ajira ya vibarua yamefungwa.

Mimi naona tukubali. Watu 110, Shangazi! Watu watakaougua wakalala nyumbani bila kuogopa kwamba nafasi yao imeshachukuliwa. Nipo zamu moja na dada aliyerudi kazini kabla mtoto hajafikisha mwezi, akawa anajifungia chooni kukamua maziwa na kuyamwaga. Mtu wa namna hiyo nitamwambia asubiri nini?

Upande wa pili yuko Baba. Si baba yangu mzazi, ni mwenyekiti wetu mstaafu, lakini ndivyo ninavyomwita kwa sababu ndiye aliyenilea kisiasa. Alifukuzwa kazi kwa kuanzisha tawi hili, akahangaika na kesi mpaka akarudishwa. Ndiye aliyenifundisha kusoma mkataba kuanzia mwisho, kusimama mbele ya watu, na kutomwamini bosi anayekuita ofisini peke yako. Leo ni mshauri wa kamati, na neno lake lina uzito kuliko la mwenyekiti aliyepo.

Kwenye kikao cha kamati alisimama, akatoa katiba ya tawi mfukoni mwa shati, ile ya zamani iliyofungwa kwa mpira kwa sababu imeachia kurasa, akasoma kifungu cha dai letu, akaifunga tena. Akasema: "Anayetaka kulikata dai hili vipande aanze kwa kulikata jina langu." Watu wakapiga meza. Nilipopata nafasi nikasema heri nusu shari kuliko shari kamili. Akaniangalia kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniuma. Akasema, "Usaliti ndivyo unavyoanza, mwanangu. Hauji na meno, unakuja na hesabu."

Kamati ina wajumbe 11, na 10 tuna ajira ya kudumu. Yule mmoja, kibarua wa wakala, alikuwa amekaa karibu na mlango. Aliinua mkono akauliza, "Na sisi tutasubiri mpaka lini?" Mwenyekiti akasema swali hilo litaingizwa kwenye mengineyo. Muda uliisha kabla ya kufika kwenye mengineyo.

Tangu siku hiyo kundi letu la simu linawaka moto. Naitwa msaliti, pandikizi, mwanamageuzi uchwara. Wanaoniunga mkono nao wananitia hofu, maana wanasema siasa ni kuangalia kinachowezekana, hayo mengine ni ndoto za vitabuni. Maneno hayohayo aliniambia ofisa utumishi, tena akitabasamu.

Shangazi, mtu wa vitendo ni mtu aliyeuza imani yake? Nitajuaje kama nimekomaa au nimelegea tu? Mkutano wa wanachama wote utapiga kura hivi karibuni, na mwajiri anataka jibu kabla mwezi haujaisha.

Ni mimi,
Katibu Njiapanda

*

Marahaba mwanangu,

Katika barua yako yote, fulana, katiba yenye mpira na matusi ya kwenye simu, aliyenishika mimi ni yule kibarua wa mlangoni. Aliuliza swali moja, swali lenyewe ndilo lililowakutanisha, na likapelekwa kwenye mengineyo. Wewe umelitaja upesi ukaenda zako. Turudi hapo.

Watu 10 wenye ajira ya kudumu mlikaa mkajadili kama watu wasiokuwa nayo wakubali nusu au wangoje kizima. Baba akingoja mwaka mwingine, maisha yake hayatikisiki. Wewe ukikubali leo, yako hayatikisiki pia. Yeye ana msimamo na wewe una hesabu, lakini nyote wawili mnagawa kisicho chenu. Kwa hiyo sitakuambia uchague kati ya imani na vitendo. Kila moja kati ya hivyo imewahi kuzika watu, na mara nyingi ilitokea kwa sababu waliotoa uamuzi hawakuwa ndio watakaoumia nao.

Nianze na upande wa imani, maana huo ndio unaokukaba koo.

Mwaka 1958 China chini ya Mao Zedong iliingia katika kampeni ya Hatua Kubwa ya Kusonga Mbele. Wakulima waliwekwa kwenye jumuiya kubwa, na vijiji vikaamriwa kuyeyusha vyuma kwenye tanuri za uani ili nchi ipate chuma cha pua haraka. Waziri wa ulinzi, Peng Dehuai, alikwenda mkoani kwao Hunan akaona mwenyewe: mavuno yanaozea shambani kwa sababu watu wapo kwenye tanuri, na sufuria nzima zinayeyushwa kutoa vyuma visivyofaa kwa lolote. Julai 1959, viongozi walipokutana Lushan, alimwandikia Mao barua ya faragha. Ilikuwa barua ya adabu, imeanza na sifa, ndipo ikafika kwenye kasoro. Mao aliichapisha akawagawia wajumbe, na kabla mkutano haujaisha Peng alikuwa adui wa msimamo sahihi wa chama. Akapoteza uwaziri. Baada ya hapo ni ofisa gani wa wilaya angethubutu kuripoti kwamba mavuno yameshuka? Takwimu zilizokuzwa zilipelekwa juu, nafaka ikachukuliwa kwa kufuata takwimu hizo, na wakulima wakabaki na maghala matupu. Makadirio ya vifo yanaanzia watu milioni 15 na kupanda hadi zaidi ya milioni 40.

Tazama nini kiliua pale. Wazo la kulima pamoja peke yake lisingefikisha msiba ule mbali hivyo. Msiba ulikomaa pale kusema "haifanyi kazi" kulipogeuka kuwa kosa la imani badala ya kuwa taarifa. Neno "msaliti" kazi yake ndiyo hiyo, mwanangu, kuzuia taarifa isifike mezani. Kwenye kundi lenu la simu, kuna yeyote aliyejibu hoja ya wale 110, au wote wanajadili wewe ni nani?

Na usidhani huu ni ugonjwa wa wajamaa peke yao. Ugonjwa wa viazi ulipoingia Ireland mwaka 1845, nchi ilikuwa chini ya London. Serikali ya Lord John Russell, iliyoingia mwaka uliofuata, pamoja na ofisa wa Hazina aliyesimamia misaada, Charles Trevelyan, waliamini kwamba dola ikiingilia biashara ya chakula italiharibu soko na kuwafundisha watu uvivu. Nafaka iliendelea kusafirishwa kutoka bandari za Ireland huku watu wakila majani. Walikufa takriban milioni moja, na wengine kama hao wakahama nchi. Trevelyan hakuwa mlevi wala mwizi, alikuwa mchapakazi mwenye kanuni. Kanuni zake hazikuwahi kumlaza njaa yeye, basi hakupata sababu ya kuzitilia shaka.

Mfano wa tatu ninaouleta ndio unaoniuma zaidi, kwa kuwa pale wazo lilikuwa zuri na bado ninaliona zuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Ruvuma kusini mwa Tanzania, wakulima walijikusanya kwa hiari yao, kijiji cha Litowa kikiwa mfano, wakalima pamoja, wakaamua mambo kwenye mikutano yao, wakaunda chama chao cha maendeleo. Nyerere aliwapenda. Ndio waliokuwa wakiuishi ujamaa kabla wengi hawajalisikia neno lenyewe. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho, kwa kuwa hakikuwa mikononi mwa chama tawala. Miaka michache baadaye, kuanzia 1973, kuhamia vijijini kukawa lazima, na mamilioni wakahamishwa, wengine mbele ya bunduki za mgambo. Haya yalifanyika kwa jina la mtu aliyekuwa ameandika mwaka 1968 kwamba watu hawaendelezwi, hujiendeleza wenyewe. Walioshika kadi ya ujamaa waliwavunja walioushika mpini wake. Baba yako akitoa katiba mfukoni tena, mkumbuke huyo mkulima wa Litowa.

Hapo moyo wako umeshatulia, unajiambia kumbe Shangazi yuko upande wangu. Ngoja kwanza.

Mwaka 1787, Philadelphia, walikutana watu wa vitendo hasa kuandika katiba ya Marekani. Majimbo ya kusini yalitaka watumwa wahesabiwe ili yapate viti vingi bungeni, ya kaskazini yakakataa. Wakasikilizana katikati: mtumwa ahesabiwe kuwa tatu ya tano ya mtu, na biashara ya kuingiza watumwa isipigwe marufuku kabla ya 1808. Muafaka ulipatikana, nchi ikasimama, kila mjumbe akarudi nyumbani na kitu. Waliohesabiwa kwa tatu ya tano hawakuwa na mjumbe hata mmoja. Asiyekuwepo na lake halipo. Yaliyosogezwa mbele pale yaliangukia vita vya 1861 hadi 1865, vilivyoua askari zaidi ya 600,000, na hapo hatujahesabu waliofia mashambani kabla ya vita.

Deng Xiaoping, aliyekuja kuiongoza China baada ya Mao, naye kila mtu humnukuu, yule wa paka: awe na rangi gani, maadamu anakamata panya. Alilisema mwaka 1962, nchi ikijikongoja kutoka kwenye ile njaa, na baada ya 1978 siasa zake zikawatoa mamia ya mamilioni kwenye umaskini. Mimi simdharau hata kidogo. Lakini Juni 1989 mtu huyohuyo wa vitendo aliridhia jeshi kuingia Beijing dhidi ya waandamanaji, kwa hesabu ileile ya kinachofanya kazi. Paka alipimwa kwa panya anaowakamata, na haikuulizwa nani ameandika orodha ya panya. Ndiyo maana tabasamu la ofisa utumishi lilikutia hofu, na hofu hiyo ina akili. Mtu anayekuambia "angalia kinachowezekana" mara nyingi ndiye aliyeshika kipimo cha kinachowezekana.

Sasa niseme muafaka ninaouheshimu. Afrika Kusini, 1992. Mazungumzo ya kumaliza ubaguzi wa rangi yamekwama, watu wanauawa vitongojini, na anayejitokeza kupendekeza kulegeza ni Joe Slovo, kiongozi wa chama cha kikomunisti, mtu ambaye makaburu walimwona shetani. Alipendekeza madaraka yagawanywe kwa muda maalumu baada ya uchaguzi, na watumishi wa serikali ya zamani wasitupwe nje na pensheni zao. Wenzake kadhaa walimshambulia vikali. Lakini nani angemwita mlegevu? Mkewe, Ruth First, aliuawa Maputo mwaka 1982 kwa bomu lililotumwa kwa bahasha na maofisa wa utawala uleule aliokuwa anapendekeza kuketi nao. Alichokitoa kilikuwa na chake ndani. Na kilikuwa na mwisho: serikali ya umoja ilipewa miaka 5, si "itaangaliwa baadaye".

Hata hapo kuna waliobebeshwa bila kukubali. Wauaji walioungama yote mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano waliweza kupewa msamaha, na familia ya Steve Biko, mwanaharakati aliyefia mikononi mwa polisi, na familia nyingine zilikwenda Mahakama ya Katiba mwaka 1996 kuupinga. Zilishindwa. Naamini muafaka ule kwa jumla uliokoa roho nyingi, na naamini pia familia zile zilikuwa na haki ya kukasirika hadi leo. Usitafute muafaka usio na mtu wa kumwangalia usoni. Muhimu ni umwangalie kabla ya kusaini.

Turudi kwenye karatasi yenu, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Umeandika mistari mingi kuhusu wale 110 na mmoja tu kuhusu sahihi ya kufunga madai. Mimi naanza na huo mmoja. Kuwapokelea watu 110 kilicho chao huku 70 wakiendelea kudai ni kuchukua nusu, na ubaya wake siuoni. Kusaini kwamba wale 70 hawana dai tena ni jambo jingine kabisa: mnampa mwajiri kitu ambacho si mali yenu. Baba amelinusa hilo hata kama amelieleza kwa maneno ya jukwaani. Mwajiri hakuwatenga wale wa wakala kwa bahati mbaya. Amekata pale penye mshono. Wale 110 wakishapata mikataba, mgomo ujao nani atasimama na 70? Wewe unayejua hesabu, ifanye na hii.

Kwa hiyo kabla ya mkutano mkuu nenda ukae na wale 70. Usiende na kamati, wala na Baba, wala na ajenda iliyochapwa. Muombe yule wa mlangoni awaite yeye na akiongoze kikao yeye. Wasomee pendekezo neno kwa neno, na "itaangaliwa baadaye" uisome jinsi ilivyo bila kuipamba. Kisha uwaulize wao swali ambalo nyinyi 10 mlijiuliza wenyewe, halafu unyamaze. Huenda ukashangaa. Mara nyingi walioko chini kabisa ndio watu wa vitendo kuliko wote, wanaweza kukwambia wachukueni hao 110, ndugu zetu wapumue, ila sahihi hiyo ya kufunga msiiweke. Wanaweza pia kukwambia hapana, tumechoka kuachwa nyuma kila safari. Jibu lolote watakalolitoa lina haki ambayo lako halina.

Wakikubali, mrudishieni mwajiri karatasi ikiwa na mabadiliko mawili. Kifungu cha kufunga madai kitoke. "Baadaye" ipewe tarehe, na ielezwe kitu gani kitatokea tarehe hiyo ikipita bila jambo kufanyika. Kisha wale 110, kabla ya kushika kalamu, wapitishe azimio mbele ya wenzao kwamba wakiwa ndani watachangia mfuko wa mgomo kwa ajili ya waliobaki, na watagoma nao. Azimio la hadharani si kufuli, lakini ni vigumu kulikana mbele ya uliyeapa naye uso kwa uso.

Kuhusu Baba. Usimwite mwenye msimamo mkali, wala usikubali wapambe wako wamwite mzee wa vitabuni. Yule alilipa kwa kazi yake, tena peke yake, wakati nyinyi hamjui hata njia ya ofisi ya chama. Kuna jambo Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, alilisema mwaka 1876 kumhusu Lincoln, rais wa Marekani wakati wa vita vile: ukimtazama kutoka walikosimama wapinzani wa utumwa, alikuwa mzito na baridi, na ukimpima kwa hisia za nchi aliyolazimika kuisikiliza kama kiongozi, alikuwa mwepesi na thabiti. Aliyasema yote mawili kwenye hotuba moja bila kufuta lolote. Lincoln angejadiliana na nani kama wapinga utumwa wakali kama William Lloyd Garrison, aliyeichoma katiba ya nchi hadharani mwaka 1854, wasingekuwepo kumsukuma kwa nyuma? Mwajiri wenu naye asingefika 110 kama dai lenu tangu mwanzo lingekuwa 110. Fulana zile zimefanya kazi, zivaeni.

Ila mgogoro wa Baba ni huu: alilipa wakati ule, na sasa anatumia risiti ile kuidhinisha malipo ya watu wengine. Hilo mwambie, tena mwambie nyumbani kwake, usimwambie kikaoni ambako kila mtu anasubiri kupiga meza. Kaa chini, mpe heshima yake, umuulize: "Baba, tukikataa, hawa 110 wanaanguka mikononi mwa nani kesho asubuhi? Nasi tunawapa nini wakati wanasubiri?" Kama ana jibu, kwa mfano mfuko wa kuwasaidia, mgomo uliopangwa na tarehe yake, au kesi yenye mwanasheria, basi msikilize kwa makini, kwa sababu huo si ukaidi tena, ni mkakati, na pengine ni bora kuliko wako. Kama hana kitu isipokuwa kile kifungu, umepata jibu lako juu ya nani ana imani na nani ana kumbukumbu.

Umeniuliza utajuaje kama umekomaa au umelegea. Jiulize kitu kimoja kibaya: hii nusu ningeikubali kama ningekuwa mimi miongoni mwa 70? Ukijibu ndiyo upesi mno, rudia. Kisha kaa uandike, kabla ya kura, ni jambo gani likitokea utakubali kwamba ulikosea, na umpe mtu akutunzie karatasi hiyo. Mpe Baba, kama bado mnasalimiana. Naye muombe aandike yake.

Matusi ya kwenye simu usiyajibu. Ujibu hoja, na kama hakuna hoja, zima simu ulale.

Jambo la mwisho ni la kiofisi tu. Mwajiri kawapa mwisho wa mwezi, na hilo nalo ni pendekezo kama mengine, si sheria ya mbinguni. Mwandikieni leo, kwa barua yenye muhuri na nakala, mkiomba muda zaidi wa kuwasikiliza wanachama. Mkutano ukifika, yule wa mlangoni awekwe namba moja kwenye ajenda, na wale 70 wapige kura yao kwanza, peke yao, matokeo yasomwe kabla nyinyi wengine hamjapiga zenu. Wakisema hapana, utakuwa na usiku mgumu mbele ya wale 110, na yule dada wa zamu yako atakuwa amekaa mstari wa mbele. Msimamie hivyohivyo, umweleze mwenyewe, usimtume mtu.

Shangazi yako